Njia ya kando ya mto Unguja na Pemba: kifusi, zege, pevingi au ulalo wa mbao?

Kamati nyingi zinazopanga njia ya matembezi na baiskeli kando ya mto huanza na swali ambalo lilipaswa kuwa la mwisho: tuweke zege au kifusi? Jibu moja halipo, kwa sababu mto wa hapa kwetu ni mfupi lakini hupita katika udongo wa aina mbalimbali. Kwenye miinuko ya magharibi ya Unguja kuna kinongo, udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Mabondeni kwenye mpunga kuna kinamo, udongo mzito unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mashariki na kusini ni uwanda na maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, ambako mito kadhaa huzama ndani ya mianya ya jiwe kabla ya kufika baharini. Ile inayofika pwani ya magharibi huishia kwenye mikoko. Pemba hali ni ya vilima vidogo vyenye miteremko mikali na mabonde membamba katikati, na mvua ni nyingi zaidi: takriban milimita 1,900 kwa mwaka, dhidi ya 1,600 za Unguja.

Kwa hiyo ulinganisho huu umepangwa kwa vipande vya njia. Njia ya kilomita tatu inaweza kuhitaji sakafu tatu, na wanaotumia aina moja toka mwanzo hadi mwisho hulipa zaidi ya inavyostahili mahali fulani na kuharibikiwa mahali pengine.

Karibu na maji au juu ya ukingo

Huu ndio uamuzi wenye uzito kuliko yote, na haugharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

Mstari wa chini, mita mbili tatu kutoka kwenye maji, una kivuli na upepo wa mto. Lakini penye pindo, yaani mto unapokata kona, maji hukata upande wa nje kila masika na kujaza mchanga upande wa ndani. Njia ikipita upande wa nje bila nafasi, ukingo utaifikia tu, iwe ya zege au ya dhahabu. Mstari wa juu, mita 10 hadi 15 kutoka ukingoni, ni mkavu, unavumilia sakafu ya bei nafuu na matengenezo yake ni mepesi. Ubaya wake ni kwamba hupita ndani ya mashamba ya watu, kwa hiyo mazungumzo ni marefu zaidi, na msafiri hauoni mto kila hatua.

Tunapendekeza mstari wa juu, wenye vijia vifupi vya kushukia mtoni mahali pawili au patatu tu, upande wa ndani wa pindo au penye jiwe. Sababu moja ya kupunguza vijia hivyo ni afya. Kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa visiwa hivi, na konokono wanaoubeba huishi kwenye maji baridi yanayokwenda polepole, yenye majani. Vimelea hutoka kwa wingi mchana wa jua kali, saa ambazo watoto wanatoka skuli na kutamani kuoga. Njia ya mapumziko inayowateremsha watu kwenye dimbwi lililotulia inawapeleka kwenye ugonjwa. Jengeni baraza la kukalia juu, penye mandhari, na mahali pa kushukia pawe penye maji yanayokimbia.

Mstari utembelewe mara mbili kabla ya kuchorwa: siku moja baada ya mvua kubwa ya masika, na mara nyingine katikati ya kiangazi. Safari ya kwanza, wekeni alama ya rangi kwenye magogo ya minazi pale maji yalipofika; takataka zilizonasa kwenye matawi zitawaonyesha. Sehemu za mikoko zipimwe wakati wa bamvua, na bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye bamvua hufika karibu mita 4 hapa, kwa hiyo anayepima wakati wa maji mafu anapima njia ya ndotoni.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni minazi. Msiipitishe njia chini ya mnazi unaozaa, na baraza la kukalia ndiyo kabisa lisiwe hapo. Nazi na makuti makavu huanguka bila taarifa, na mwenye shamba hatakubali kukata mti wake kwa ajili ya kivuli cha wageni.

Kifusi

Kifusi tunachokusudia ni cha jiwe la matumbawe kutoka machimboni, mchanganyiko wa vijiwe na unga mweupe, si mabaki ya nyumba iliyovunjwa. Ule unga ndio siri yake. Kikilowa na kushindiliwa, chokaa iliyomo huyeyuka kidogo na kuganda upya, na baada ya mvua kadhaa sakafu inashikana kama saruji dhaifu. Kifusi kilichochekechwa mpaka unga umekwisha hakishikani, na tairi la baiskeli huzama humo kama kwenye mchanga wa pwani. Kwa hiyo mnaponunua, chukueni konzi, ilowesheni, ifinyeni. Ikishikana bila kuchuruzika maji, na ukiigusa ikakatika vipande viwili, inafaa, na huo ndio pia unyevu wa kushindilia.

Vijiwe vya tabaka la chini visizidi milimita 40, vya juu milimita 20. Unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa unatosha kwa miguu, baiskeli na gari la ng'ombe la hapa na pale. Wekeni kwa tabaka mbili, kila moja ishindiliwe peke yake. Aliyemwaga zote kwa pamoja na kupitisha mashine juu ameshindilia sentimita chache za juu tu, na chini kumebaki godoro.

Adui wa kifusi ni maji yanayokimbia kwa urefu wa njia, kwa hiyo yatolewe pembeni mapema. Ipeni njia mwinamo wa sentimita 3 kwa kila mita ya upana, kuelekea upande wa mto, ili mvua ivuke njia kwa utandu mwembamba. Wengi hufanya kinyume: huinamisha njia kuelekea kilimani na kuchimba mfereji huko. Mfereji ukijaa majani, maji yote ya kilima hukusanyika sehemu moja na kupasua njia. Kwenye mteremko, kila mita 20 hadi 30 fanyeni mbonyeo mpana, mrefu wa mita 3 au 4, unaoelekeza maji nje. Tuta la kukingama lenye ncha kali linafanya kazi hiyo hiyo, lakini humwangusha mpanda baiskeli usiku na halipitiki kwa kiti cha magurudumu.

Mteremko ukifika 5 kwa 100, kifusi huanza kuchimbika. Ukipita 8 kwa 100, kiacheni. Huko Pemba hali hii hutokea mara nyingi kuliko Unguja, na ndiyo maana gharama ya kilomita moja ya Pemba huwa juu hata kama vifaa ni vile vile.

Juu ya kinamo, kifusi peke yake humezwa. Masika ya kwanza vijiwe huzama, ya pili mnatembea kwenye tope jeupe. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kutandika kitambaa maalumu cha kutenganisha udongo kabla ya kumwaga kifusi. Ya pili ni kuchanganya chokaa kwenye kinamo chenyewe: asilimia 5 ya uzito wa udongo mkavu, ambayo kwa tabaka la sentimita 15 ni karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Chokaa huubadili udongo wa mfinyanzi, ukapungua kuvimba na ukakubali kushindiliwa. Kwa mita 100 za njia yenye upana wa mita 3 hiyo ni tani 3.6, si kidogo, na chokaa yetu huchomwa kwa kuni, kwa hiyo kitambaa ndicho tunachokitanguliza kinapopatikana. Mkitumia chokaa isiyozimwa, mafundi wavae miwani na glovu. Huunguza macho na ngozi.

Zege

Zege lina nafasi yake: kwenye miteremko mikali, penye mafuriko ya muda mfupi, kwenye vivuko, na mita 10 za kwanza pale njia inapokutana na barabara, ambako pikipiki na magari hugeuza. Kwa baiskeli na viti vya magurudumu hakuna sakafu bora zaidi.

Unene wa sentimita 10 unatosha kwa miguu na baiskeli. Kama gari la ng'ombe, gari la wagonjwa au la kuzoa taka litapita, pimeni 15. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unatosha. Kateni viungo kila mita 3, kina robo ya unene, ili ufa utokee pale mnapotaka. Uso usisuguliwe ukawa laini. Burutieni ufagio kwa kukingama ukiwa bado mbichi. Halafu funikeni kwa magunia yaliyolowa au majani ya migomba na mwagieni maji siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Zege lililoachwa juani siku ya kwanza hutoa unga juu yake miaka yote, na hakuna rangi inayoliponya.

Nondo hazihitajiki kwenye sakafu iliyolala juu ya msingi mzuri, na karibu na maji ya chumvi ni bora zisiwepo. Kokoto za matumbawe na maji ya visima vya pwani mara nyingi vina chumvi. Zege tupu huvumilia, lakini chuma kilichomo hushika kutu, kikavimba na kulipasua. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, kwa chumvi yake na kwa sababu ufukwe wenyewe unaliwa. Mchanga wa kujengea umekuwa adimu visiwani na uchimbaji wake unahitaji idhini, kwa hiyo ulizieni upatikanaji wake kabla ya kuahidi mita za zege kwa mfadhili.

Kosa la zege linalotutia hofu zaidi ni la siri. Maji ya mto huchimba chini ya ukingo wa sakafu, udongo ukaondoka, na bamba likabaki limening'inia hewani huku juu likionekana zima. Siku gari la ng'ombe litakapopita, kipande kizima hukatika. Kifusi hakifichi hivyo. Kikichimbwa unaona shimo siku hiyo hiyo na kulijaza kwa mikokoteni miwili. Kwa hiyo zege la kando ya mto lazima liwe na ulimi wa kushuka chini sentimita 30 hadi 40 kwenye ukingo wa upande wa maji, na mawe makubwa mbele yake. Juu ya kinamo, bila msingi wa kifusi, msilijenge.

Pevingi

Pevingi, yaani tofali za zege za kupanga chini, inapendwa na manispaa, na mjini inafaa: ikiharibika unang'oa na kurudisha, mabomba ya maji yakipita chini unafukua bila kuvunja. Unene wa milimita 60 ni wa watu na baiskeli, 80 ni wa magari. Lakini tofali hizo zimelala juu ya sentimita 3 za mchanga, na mafuriko yakipita, yakirudi hunyonya mchanga huo kupitia viungo. Baada ya hapo sakafu inakuwa mawimbi. Mahali popote alama zenu za rangi zilipoonyesha maji kufika, ondoeni pevingi kwenye orodha. Pale pakavu, kumbukeni ukingo wa zege pande zote mbili. Bila huo tofali za pembeni hutembea na za kati hufuata.

Ulalo wa mbao

Palipo na tope la mikoko au bonde lisilokauka, njia ya kuinuliwa juu ya nguzo ndiyo pekee inayoacha maji yaende yanakotaka. Anayefikiria kujaza kifusi ndani ya mikoko aelewe kwamba tuta hilo huzuia maji kujaa na kupwa, na mikoko iliyo upande wa nchi kavu hufa polepole. Mizizi ya kupumulia ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, ile inayochomoza kama vidole, ikifunikwa mti umekwisha. Anayetaka kuona njia ya namna hii kabla ya kuamua, ile iliyopita juu ya mikoko huko Pete, karibu na msitu wa Jozani, iko wazi kwa wageni.

Uso wa ulalo uwe angalau sentimita 30 juu ya alama ya bamvua kubwa. Nguzo zipigwe kwenye tope, zisichimbiwe, angalau mita 1.5, na tope likiwa laini endeleeni mpaka zikatae. Mbao za kukanyagia zilale kwa kukingama, sentimita 15 kwa 5, zikiachana sentimita 1. Zikilazwa kwa urefu, tairi jembamba la baiskeli huingia kwenye mwanya. Upana wa mita 1.5 ni wa waendao kwa miguu tu, na hapo ongezeni sehemu pana za kupishana kila mita 50. Baiskeli zikiruhusiwa, upana uwe mita 2.5 na kizuizi cha pembeni kiwe juu mita 1.2 au zaidi, kwa sababu mtu aliye juu ya baiskeli hupinduka juu ya kizuizi kifupi.

Suala zito ni mti gani. Boriti za mkoko ziko karibu, lakini kukata mikoko kunahitaji kibali cha idara ya misitu, na ni kinyume cha akili kukata kile ambacho watu wanakuja kukitazama. Mbao za mnazi mkongwe ni ngumu upande wa nje na laini kiinini. Chagueni za nje, zitumike juu tu, zisiguse ardhi wala maji. Mvule hudumu lakini ni ghali. Msonobari uliotiwa dawa kwa shinikizo kutoka bara ndio unaopatikana kwa wingi, ila kila mnapoukata, ncha ipakwe dawa upya, maana dawa haikufika kiinini na mchwa wanaijua njia hiyo.

Chini ya maji ya bahari tatizo si mchwa, bali wale wadudu wanaotoboa mbao za vyombo. Mafundi wa majahazi huwazuia kwa deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) na kwa kukipandisha chombo kila mara. Nguzo ya daraja haiwezi kupandishwa. Ndiyo maana tunashauri nguzo za zege zilizomwagwa kabla, sentimita 15 kwa 15, nondo zikiwa ndani kabisa, na mbao zibaki juu ya maji. Bolti na parafujo ziwe zilizochovywa kwenye zinki au za chuma cha pua. Misumari ya kawaida kwenye hewa ya chumvi huliwa na kutu mapema, na mbao nzima ikaanza kucheza kabla haijaoza.

Mbao zilizolowa chini ya kivuli huota ukungu wa kijani na kuteleza. Sifa, yaani mafuta ya papa yanayofaa jahazi, isipakwe hapa. Sugueni kwa brashi ngumu kabla ya kila msimu wa mvua, na kwenye miinamo pigilieni vipande vyembamba vya kushikia mguu.

Vifaa kwa mita 100

Kwa upana wa mita 3, isipokuwa ulalo ambao ni mita 2.5:

| Sakafu | Kinachohitajika | Kinachoiharibu kwanza |
|---|---|---|
| Kifusi, sm 15 | Mita za ujazo 45 zilizoshindiliwa. Karibu 57 zilizolegea, safari tisa au kumi za lori la mita za ujazo 6 | Maji kukimbia kwa urefu wa njia |
| Zege, sm 10 | Mita za ujazo 30: mifuko 190 hivi ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 14, kokoto mita za ujazo 27 | Kuchimbwa chini ya ukingo |
| Pevingi za sm 20 kwa 10 | Tofali 15,000 na akiba ya 500. Mchanga mita za ujazo 9. Kifusi cha msingi mita za ujazo 30. Ukingo wa mita 200 | Mafuriko kunyonya mchanga |
| Ulalo wa mbao | Nguzo 102, boriti za kukingama 51, mihimili mita 400, mbao za juu 625, parafujo 5,000 | Kutu ya misumari, kisha nguzo |

Tazameni safu ya ulalo mara mbili. Ni kazi ya fundi seremala kila mita, na ndiyo maana tunausogeza mstari wa njia hata mita 200 kuzunguka tope kabla ya kukubali mita 50 za mbao.

Kuvuka vijito

Kwa kijito kinachokauka kiangazi, kivuko cha zege kilicholala kwenye kitako cha mto ndicho cha bei nafuu na hakizibi. Maji hupita juu yake saa chache wakati wa mvua, na njia hufungwa. Kasoro yake ni dimbwi linalochimbika upande wa chini, ambalo likitulia linakuwa nyumba ya konokono. Likingeni kwa mawe makubwa yaliyopangwa kwa urefu wa mita 2 au 3 upande wa chini wa kivuko.

Kalvati inawavutia wengi kwa sababu bomba linanunulika. Lakini mito yetu hubeba makuti, makumbi ya nazi, matawi na plastiki, na bomba la milimita 300 huzibwa na kuti moja tu. Msishuke chini ya milimita 600, na jengeni ukuta wa mawe pande zote mbili. Kalvati iliyoziba hugeuka bwawa, na bwawa huivunja njia kwa usiku mmoja.

Kwa kijito chenye maji mwaka mzima, daraja fupi la mbao au zege, mita 4 hadi 6, ndilo linalofaa, na kwa habari ya kichocho ndilo bora kupita yote kwa kuwa hakuna anayelowesha miguu. Miguu ya daraja ikae nyuma ya ukingo, isiingie mtoni, na uso wake uwe juu ya alama ya mafuriko kwa angalau nusu mita, ili magogo yapite chini.

Nani atapita

Njia ya mapumziko kwa wageni inakuwa njia ya kila kitu kwa wenyeji, na ni haki yao. Watapita wanafunzi wa skuli, wanawake na kuni, wavuvi, wakimbiaji wa alfajiri, punda, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na bodaboda. Msimu wa karafuu Pemba, sakafu yoyote ngumu yenye jua hutandikwa majamvi. Kwa hilo hakuna haja ya ugomvi: tengeni viwanja vya zege pembeni, mita 3 kwa 6, karibu na nyumba, na njia itabaki wazi.

Upana wa mita 3 unawaruhusu baiskeli mbili kupishana huku kuna mtu wa miguu. Mita 2 zinatosha palipo na watu wachache, mradi kuna uwazi wa nusu mita kila upande bila miti wala nguzo. Gari la ng'ombe likiwa linapita hapo toka zamani, lipeni njia yake ya udongo sambamba. Magurudumu yake huchimba mistari miwili kwenye kifusi, na mvua huifuata mistari hiyo.

Kuhusu bodaboda, ukweli ni mmoja: kizuizi chochote kinachomzuia kitamzuia pia mwenye kiti cha magurudumu. Nguzo zilizoachana mita 1.5 huzuia gari tu. Kwa pikipiki kinachofanya kazi ni makubaliano ya shehia na barabara nzuri ya pembeni ambayo dereva ataiona fupi zaidi. Kwa viti vya magurudumu, mwinamo wa urefu usizidi 1 kwa 20 kwenye njia ya kawaida, na 1 kwa 12 kwenye vipande vifupi vyenye kituo cha kupumzikia. Mwinamo wa pembeni uwe sentimita 2 kwa mita. Kwenye tambarare za kifusi punguzeni ile 3 tuliyoisema hadi hapo, hata kama maji yatatoka polepole kidogo.

Msiipitishe njia nyuma ya uani kwa watu wala penye kina mama wanaofulia. Makaburi na mizimu vipewe nafasi, na wazee waulizwe mahali vilipo, kwa sababu ramani haivionyeshi.

Ardhi, miti na vibali

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, lakini hilo halimaanishi kwamba ukingo wa mto hauna mtu. Mashamba mengi ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na miti iliyomo inaweza kuwa ya mtu mwingine asiye mwenye haki ya matumizi ya ardhi. Orodhesheni mnazi mmoja mmoja, mkarafuu mmoja mmoja, na mwenyewe. Makubaliano ya jumla kwenye mkutano wa sheha huvunjika siku msumeno unapogusa mti wa aliyekuwa safarini. Kwenye mabonde ya mpunga, yale matuta baina ya majaruba ni miundombinu ya mkulima. Ukipitisha watu juu yake yatabomoka na maji yake yatapotea. Njia ipite pembeni ya bonde.

Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, iulizwe mapema kuhusu tathmini ya mazingira chini ya Sheria Namba 3 ya 2015. Idara ya misitu ihusishwe penye mikoko. Na karibu na chemchemi zinazotoa maji ya kunywa, kama zile za Bububu na Chem Chem zinazolisha Mjini, Mamlaka ya Maji, ZAWA, ndiyo yenye neno la kwanza. Huko njia ikae mbali, na punda wasifungwe.

Matengenezo

Kifusi kitataka nyongeza ya sentimita 2 kila baada ya masika, mita za ujazo 6 kwa mita 100, lori moja. Vijana wanne na mikokoteni huimaliza kwa siku mbili tatu. Zege halitaki chochote kwa miaka, kisha linataka fedha nyingi kwa mara moja. Ulalo unataka jicho kila mwezi: kukaza bolti na kubadili ubao mmoja kabla haujamvunja mtu mguu. Jiulizeni shehia yenu ina nini kati ya nguvu kazi, fedha na fundi, maana kikundi chenye nguvu kazi na fedha kidogo kitaitunza kifusi vizuri, na kikundi kisicho na fundi wa kudumu kisipewe ulalo.

Kazi ya udongo na kifusi ifanyike baada ya masika, Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa bado na unyevu wa kushindilia. Zege lisubiri siku zisizo na mvua, ila lisimwagwe mchana wa jua kali, anzeni alfajiri. Februari, kabla mvua hazijaanza, fungueni midomo ya kalvati zote na mibonyeo yote, na ondoeni makuti yaliyoanguka juu ya mto hadi mita 50 upande wa juu wa kila kivuko.